Mrithi wa Pumzi

1

Mke mwenza wa Mama Anyisile aliletwa uwanjani amefunikwa kanga mpya, kabebwa na mtu mmoja kwa mkono mmoja, maana uzito wake haukuzidi wa kuku wa kienyeji aliyeshiba. Akawekwa juu ya kigoda mbele ya wanaukoo wote, pembeni ya koti la marehemu.

Hapa Itundu mashine ya kupumulia haiitwi mashine. Wanawake waliibatiza mke mwenza tangu zile za kwanza zilipoletwa kwa wachimbaji waliotoka mgodini na vumbi la madini ya betri kifuani. Inalala kitandani katikati ya watu wawili, mume anaigeuzia uso mpaka kunakucha, na ukimsemesha hakujibu mpaka aivue. Kama huyo si mke mwenza, ni nani? Mimi ndiye fundi wa pumzi wa zahanati. Jina langu Sekela, na kazi yangu, kama wanavyonitania sokoni, ni kusuluhisha ndoa za mitala.

Siku hiyo ukoo ulikuwa unasimika mrithi. Mzee Ambakisye, aliyekuwa nyapara wa mgodi enzi zake, alikuwa amefariki, na mtoto wake wa pekee, Anyisile, alitangulia akiwa bado mdogo. Vikao vikakaa, vikamwangukia Lugano, mtoto wa mdogo wake marehemu. Lugano ni mtu mfupi, mpole, aliyeangukiwa na nguzo ya mgodi akiwa kijana. Mbavu zake ziliunga vibaya na kifua kikabaki kimebanwa upande. Daktari wa wilaya alishaandika kwamba naye sasa anahitaji mashine. Mpya zilikuwa zinatarajiwa msimu ujao. Ukoo ukaona Mungu amepanga: mrithi anahitaji pumzi, na marehemu ameacha pumzi.

Mzee Asajile, mdogo wa mwisho wa marehemu na msemaji wa ukoo, akamvisha koti. Mikono ya koti ikameza viganja vya Lugano, pindo likamfika magotini. Kwa desturi yao mrithi hulivaa koti hilo hivyo hivyo mpaka matanga yaanuliwe na watu wanyoe. Halipunguzwi, halikunjwi, na mwenyewe halalamiki.

"Mzee," nikasema, "koti sina neno nalo. Lakini mashine hii imejifunza kifua cha mtu mwingine. Naomba niifute kumbukumbu, nianze na Lugano upya."

Ilibidi niwaeleze. Mashine za zamani fundi alizipangia kila kitu kwa mkono. Hizi za sasa unazianzishia tu, kisha zinakaa na mtu wao, zinamsoma, zinajirekebisha zenyewe kidogo kidogo, mpaka mwisho zinapumua kama yeye. Hii ilikaa na Mzee Ambakisye miaka kumi na mmoja. Hata ukiiwasha bila mtu, inapumulia hewani kwa mwendo wake: msukumo mzito, kimya kirefu, halafu kitu kama mguno mdogo kabla ya msukumo mwingine. Aliyepita nyuma ya nyumba ile aliujua mguno huo.

"Kifua cha marehemu kilikuwa kipana na kimejaa vumbi," nikasema. "Hewa ilikuwa inaingia, taabu ilikuwa kutoka. Ndiyo maana mashine ilijifunza kumsubiri. Cha Lugano kimebanwa. Kutoka inatoka, shida ni kuingia. Huyu hahitaji kusubiriwa, anahitaji kuwahiwa."

Mama Anyisile, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka ameegemea ukuta. Sheria inasema kumbukumbu ya mashine ni mali ya aliyeivaa, na akifa ni ya mjane wake au mgane wake. Haifutwi bila kidole gumba chake. Akaniangalia kwa upole.

"Ukiifuta inabaki nini, mwanangu?"

"Inabaki mashine, mama."

"Mashine ninazo. Redio ni mashine. Mimi nataka hiyo inayopumua kama mwenyewe."

Watu wakacheka, naye akapata moyo wa kusimulia. "Miaka yote hiyo hakuwahi kulalamika hata siku moja. Akiamka anavua hiyo kitu, anabeua beuzi la kutikisa bati, kama mtu aliyetoka kula, kisha ananiambia: mama, nimeshiba usingizi. Kila siku! Nimeshiba usingizi!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata mimi nikacheka, maana aliigiza beuzi lenyewe vizuri.

Mzee Asajile akainua fimbo. "Fundi, tunakuheshimu. Lakini mrithi anayechagua cha kurithi huyo si mrithi, ni mnunuzi. Lugano, unasemaje?"

"Nitaivaa ilivyo, baba mdogo."

Akavishwa barakoa ya pua na mdomo, mikanda ikafungwa nyuma ya kichwa. Mashine ikamsukumia pumzi za mwanzo. Mabega yake yaliruka kidogo, akayatuliza. Baada ya muda sauti laini ya mashine ikasema: "Pumzi zinalingana. Hali ni njema." Vigelegele vikapigwa mpaka kwa majirani.

Ningefanya nini? Mtu mzima amekubali kwa kinywa chake, mashine nyingine sina, na bila yoyote angekuwa na hali mbaya zaidi. Nikamwambia aje zahanati juma lifuatalo. Hakuja. Ripoti zake zikawa zinaingia kwenye skrini yangu zenyewe kila asubuhi, zote za kijani.

2

Aliyekuja ni mkewe, Bupe. Alikaa kwenye benchi langu bila kusalimia vizuri, na Bupe ni mtu wa salamu ndefu.

"Fundi, mume wangu amelala kwenye ugali."

"Amelalaje?"

"Tonge mkononi. Nilidhani anaomba. Nikamgusa, akashtuka, akamalizia tonge, akalala tena."

"Asubuhi anaamkaje?"

"Kichwa kinamuuma mpaka anakishika hivi. Nikimuuliza, niko sawa. Nikimuuliza tena, niko sawa. Anavaa lile koti hata jikoni, joto lote hili, yuko sawa."

Nikafungua ripoti mbele yake. Hewa inayovuja pembeni ya barakoa: kidogo sana. Pumzi kwa dakika: kumi na moja. Kulingana kwa mtu na mashine: asilimia tisini na nane. Nimeona ndoa nyingi katika kazi hii, na yenye amani ya kiasi hicho sijawahi kuiona. Nikachukua mkoba wangu tukaondoka.

Tulimkuta Lugano ameketi kwenye kiti cha uvivu, barakoa usoni, koti mwilini. Mrithi hujipumzisha na vitu vya marehemu kila apatapo nafasi. Nikambana kipimo kidoleni: oksijeni tisini na nne.

"Si nzuri hiyo?" Bupe akauliza.

"Nzuri. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika." Nikamwonyesha mrija mwembamba uliotoka kwenye mtungi na kuingia kwenye mashine. "Oksijeni anaongezewa na huu, ndiyo maana inapendeza. Lakini hewa ina safari mbili. Nzuri inaingia, chafu inatoka, na hiyo chafu ndiyo kaboni. Kipimo cha kidole kinakupa habari za safari ya kwanza tu."

Nikamwambia Lugano anyooshe mikono mbele na kukunja viganja juu, kama mtu anayemzuia ng'ombe asiingie shambani. Akavitoa viganja ndani ya mikono ya koti, akavikunja. Vikadondoka vyenyewe. Akaviinua, vikadondoka tena. Bupe akaziba mdomo. Nikambana kipimo cha pili kwenye ndewe ya sikio, kile kinachosoma kaboni, nikasubiri namba itulie. Ikatulia sabini na moja. Mtu mzima hapiti arobaini na tano.

Nikapiga magoti, nikaweka kiganja tumboni kwake chini ya koti. Niliacha kutazama skrini, nikasikiliza kwa mkono. Tumbo likavuta: mashine kimya. Likavuta tena: mashine kimya. Likavuta mara ya tatu, na hapo ndipo mashine ikajibu kwa msukumo wa nguvu uliomnyanyua mabega. Kisha ikanyamaza kwa kirefu ikimsubiri mtu ambaye hayupo atoe hewa yake ya taratibu.

"Haimsikii," nikasema.

Kila mashine ina usikivu wake. Ukivuta hewa hata kidogo, inahisi, inakuja kukusaidia. Mzee Ambakisye alikuwa akivuta kwa nguvu kama anayevuta ndoo kisimani, kwa hiyo mashine yake ikajifunza kuipuuza mivuto midogo, ikiiona ni kikohozi au mtu anajigeuza. Mivuto ya Lugano yote ni midogo. Mashine ilikuwa inasikia mmoja katika mitatu, na kisichosikiwa hakihesabiwi. Ndiyo maana ripoti ilikuwa ya kijani: ilikuwa inahesabu zile pumzi zilizofanana na za marehemu, na hizo kweli zililingana.

Nikaupandisha usikivu. Nikapunguza presha ya kusukuma, nikaongeza pumzi za akiba, zile ambazo mashine huzitoa yenyewe mtu akisahau kuvuta. Uso wa Lugano ukalainika, na kwa dakika kadhaa tumbo na mashine vikaenda pamoja. Bupe akanishukuru mapema mno. Taa ikapepesa, sauti laini ikasema: "Nimerejesha mpangilio uliozoeleka." Nikabadilisha tena, ikarejesha tena. Mimi nilikuwa na alasiri moja, yenyewe ilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Nikatoa ufunguo. Fundi anao ufunguo wa dharura, mdogo wa kuning'iniza shingoni, unaofuta kumbukumbu bila kidole cha mjane. Unaruhusiwa tu ikiwa maisha ya mvaaji yamo hatarini, na ukishautumia unaitwa barazani kujieleza. Nilikuwa nimeshauelekeza kwenye tundu Lugano aliponishika mkono. Akavuta barakoa ikaning'inia kidevuni.

"Dada Sekela. Usifute."

"Kaboni sabini na moja, Lugano. Ikiendelea kupanda utalala, na hutaamka."

"Niko sawa."

"Hauko sawa."

Alipumzika kidogo kabla ya kila sentensi. "Mama mkubwa anakuja hapa kila jioni. Anakaa pale mlangoni. Haniangalii mimi. Anasikiliza. Akimaliza anaenda kulala, na analala. Ukifuta, utakuwa umemzika mzee mara ya pili. Na safari hii kaburi nimechimba mimi."

Nikamrudishia barakoa usoni, maana midomo ilikuwa inabadilika rangi.

Nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika na koti, nikakasirika na Mzee Asajile na fimbo yake, hata na marehemu. Lakini hasira haikunipa jibu. Mtu amekataa kwa kinywa chake, na kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba mwili ni wa mwenyewe. Kwa upande mwingine, mtu mwenye kaboni sabini na moja kichwani anasema kwa akili yake, au ni kaboni inayosema? Nilijuaje kwamba Lugano akipumua vizuri siku mbili asingeniuliza: kwa nini uliniacha?

Bupe akanivuta pembeni. "Mashine si ina spika?"

"Inayo."

"Basi futa. Halafu sauti ya mzee uitie kwenye spika, iwe inalia tu hewani. Huyu apumue yake, mama asikie yake. Nani atajua?"

Nakiri lilikuwa wazo zuri, na lingewezekana. Mguno ule ningeunakili kabla sijaifuta kumbukumbu. Nilisimama nikaligeuza geuza. Lakini mashine ya pumzi inayosikika hivi na kupuliza vile ni mtego. Siku moja fundi mwingine angeliamini sikio lake, au Bupe mwenyewe angelala akisikia mguno umetulia huku mumewe anazama. Na Lugano angeishi miaka yote akimwigizia mjane pumzi za mumewe, akijua. Huo ungekuwa urithi mzito kuliko koti.

"Hapana," nikamwambia. "Mwite mama mkubwa. Mwite na Mzee Asajile. Nampa mama nafasi moja. Akikataa natumia ufunguo, baraza linifukuze nikalime viazi."

Alipotoka nilibaki nimekaa mbele ya Lugano, kiganja changu tumboni kwake, nikimwamsha kila kichwa kilipoinama. Niliogopa. Tumbo lilikuwa linavuta, linavuta, linavuta.

3

Walikuja pamoja, Mzee Asajile mbele. Nilieleza kila kitu kwa ufupi, nikawaonyesha viganja vinavyodondoka, nikawaambia kaboni imefika sabini na tatu. Mzee Asajile alisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyekabidhiwa kitu na kuambiwa asikiangushe.

"Siku za matanga hazijaisha," akasema. "Zimebaki chache. Hawezi kuvumilia?"

"Anaweza, baba. Anavumilia sasa hivi. Ndiko kunakomuua."

"Kaka yangu alivumilia miaka kumi na mmoja na mashine hiyo hiyo."

"Hakulalamika," Mama Anyisile akaongeza. "Hata siku moja."

Mpaka hapo sikuwa nimelifikiria neno lile. Nilikuwa nimelisikia uwanjani nikalicheka pamoja na wengine. Mimi nimehamia Itundu mwaka jana tu, na Mzee Ambakisye zahanati alikuwa haji. Alituma ripoti zake za kijani, na salamu. Nikaishika mashine, nikafungua mipangilio, nikaisoma upya kama ya mgonjwa ambaye yuko hai.

Presha tunaipima kwa sentimita za maji, yaani nguvu ya kupandisha maji kwenye mrija kimo hicho. Kuna presha ya kusukuma, inayoingiza hewa ukivuta. Na kuna presha ya kubakiza, ndogo, inayobaki ukitoa, ili njia za hewa zisigandamane kama mfuko wa nailoni uliolowa. Tofauti ya hizo mbili ndiyo msaada anaopata mtu. Ya kubakiza ilikuwa tano, sawa. Ya kusukuma ilikuwa thelathini na mbili. Fundi aliyemwanzishia aliiweka kumi na nane. Nikafuata nyayo za mashine kuanzia hapo: kumi na tisa, ishirini, ishirini na mbili. Kila ilipopanda mashine iliuliza, "Unajisikiaje?" na kila mara jibu lilikuwa moja.

"Mama," nikasema, "naomba uivae."

"Mimi?"

"Dakika moja. Nimeshika mkanda, ukiinua mkono naitoa."

Mzee Asajile akafungua kinywa. Mama Anyisile akamzuia kwa kiganja. Tukamtoa Lugano barakoa, nikampa oksijeni kidogo puani na Bupe akamkalisha wima. Nikaifuta barakoa kwa dawa, nikamfunga mjane.

Alifumba macho. Nadhani alitarajia kumsikia mumewe kwa karibu, na pengine alimsikia, maana uso ulitabasamu. Kisha msukumo ukaingia. Mashavu yakajaa, macho yakafumbuka, mikono ikashika kiti. Hewa ikakata. Akasubiri. Akavuta, mashine haikujibu. Niliona shingo yake ikikaza. Akavuta tena, haikujibu. Akaniangalia kama mtu anayegonga mlango huku anasikia watu ndani. Akavuta kwa nguvu zake zote, na mashine ikampiga msukumo mwingine wa kifua kizima. Alistahimili kama huo mara nne au tano, kwa ukaidi. Halafu akainua mkono.

Nikamvua. Akakaa anahema, kiganja kifuani. Akataka kusema kitu, na badala ya neno likatoka beuzi, kubwa, refu, la kutikisa bati.

Bupe alicheka kabla hajajizuia. Mama Anyisile hakucheka. Akaweka mkono tumboni, akauminya polepole, akaniangalia.

"Hewa imeingia tumboni," akasema.

"Ndiyo, mama. Presha ikizidi, nyingine inapita njia ya chakula. Tumbo linajaa. Linauma."

"Usiku kucha?"

Ningeweza kumpunguzia. Ningesema pengine, au si sana. "Usiku kucha, mama."

"Nimeshiba usingizi," akasema kwa sauti ndogo. Hakuwa anaigiza tena.

Mzee Asajile alitazama sakafu. Alikuwa amelisimulia beuzi lile msibani, mbele ya mchungaji.

"Kwa nini ilimfanyia hivyo?" mjane akauliza. "Si ilikuwa inamsoma?"

"Ilimsoma. Inajifunza kile unachoionyesha. Ilipandisha kidogo, ikamuuliza, akasema yuko sawa. Ikapandisha tena. Yeye aliionyesha uvumilivu, na ilichojifunza ni uvumilivu wake."

"Na mimi nimelala pale pale. Nikisikia ule mguno nasema, mume wangu amelala vizuri." Machozi yakaanza kushuka, hakuyafuta. "Kumbe alikuwa anagonga hodi."

Lugano, bila barakoa, alikuwa ameanza kuinama tena, na Bupe akamtikisa bega. Mama Anyisile akamwona. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alimtazama yeye, uso wake, tangu koti limvae.

"Leta hapa hiyo kitu."

"Shemeji," Mzee Asajile akasema, si kwa ukali, "matanga hayajaanuliwa."

"Nimeyaanua."

Nikampa mashine mapajani. Ilikuwa bado inapumulia hewani. Akaisikiliza: msukumo, kimya, mguno. Akaipigapiga mgongoni kama unavyompigapiga mtoto aliyepaliwa, akamwambia, "Pole, baba. Pole sana. Pumzika." Akaweka kidole gumba.

Chumba kikawa kimya, na kimya hicho kiliniuma hata mimi ambaye nilikitaka. Kisha sauti laini ikasema: "Kumbukumbu imefutwa. Karibu. Naomba kujua jina lako."

Siku ya kusimikwa, mrithi alikuwa amepewa jina la Ambakisye. Lugano akamtazama baba yake mdogo. Mzee Asajile alikuna kidevu kwa fimbo muda mrefu, mwisho akatikisa kichwa kuelekea kwenye mashine.

"Ijibu, mwanangu. Imekuuliza wewe."

"Lugano," akasema Lugano.

4

Nilianza chini. Presha ya kubakiza nne, ya kusukuma kumi, ili kifua kisishtuke. Usikivu niliuweka wa juu kabisa, mashine isikie hata anayewaza kuvuta. Pumzi za akiba nikaziweka kumi na nane, na muda wa kuingiza hewa nikaurefusha, maana mbavu zilizobanwa zinahitaji kubembelezwa. Kila baada ya kitambo nikapandisha presha ya kusukuma hatua moja, kiganja tumboni. Tumbo likavuta, mashine ikajibu. Likavuta, ikajibu.

Mama Anyisile alikuwa amevuta kigoda karibu. Mikono ya koti ilikuwa inaingia kwenye mikanda ya barakoa, akaikunja mara mbili mpaka kwenye kifundo, kimya kimya, na Mzee Asajile akageuka kuangalia dirishani mpaka alipomaliza.

Jua lilipoanza kushuka kaboni ilikuwa sitini na nne na inaendelea kushuka. Macho ya Lugano yalikuwa yamefunguka, ya mtu aliyerudi kutoka mbali. Nilikuwa nimefika presha kumi na sita. Taa ikapepesa. Mashine ikauliza:

"Unajisikiaje?"

"Niko sawa," Lugano akasema ndani ya barakoa.

Mama Anyisile akampiga goti kwa kofi lililosikika. "Usijibu hivyo mbele yangu!"

Lugano akashtuka. Akanitazama mimi, akamtazama mkewe. Mashine, ambayo sasa ilikuwa haimjui mtu, ikauliza tena kwa subira ya mgeni: "Unajisikiaje?"

Niliona inamwia vigumu kweli, kama mtu anayevua nguo mbele za watu.

"Inavuja," akasema mwisho. "Hapa juu ya pua. Inanipuliza jichoni. Na ikija… inakuja kwa haraka mno."

Nikanyoosha mkono kuukaza mkanda na kupunguza kasi. Mama Anyisile akanishika kiganja.

"Ngoja kwanza, fundi." Akamsogelea mpaka uso wake ukawa karibu na barakoa. "Umesema nini, mwanangu?"

"Inavuja, mama."

"Sema tena."

"Inavuja. Inaniumiza jicho."

"Tena," akasema mjane, huku analia, na Lugano akalalamika tena.